Trei ya mayai au kopo la glukosi? Hesabu ya sahani ya mgonjwa wa ini

Mtu akigeuka macho ya njano, nyumba hujaa wageni na meza hujaa glukosi. Ndio utaratibu wetu, Tanga hadi Kigoma: anayekuja kumjulia hali mgonjwa hupitia dukani, akabeba kopo la glukosi, juisi ya boksi, pengine na chupa ya juisi ya muwa iliyokamuliwa muda huohuo. Kisha huvuta kiti karibu na kitanda na kutoa ushauri. "Pole sana mama, ila mafuta usiguse. Nyama acha kwanza. Mayai ndiyo kabisa." Mgonjwa, ambaye tayari chakula kinamtia kichefuchefu, huitikia kwa shukrani, amepata ruhusa ya kutokula.

Tupige hesabu ya zawadi hiyo. Bei nitakazotumia hapa ni za kukadiria, za duka la mtaani Dar es Salaam. Msomaji wa Mbeya au Mombasa aweke za kwake, uwiano hautahama sana. Makopo mawili ya glukosi ya nusu kilo, kwa shilingi 5,000 kila moja, ni shilingi 10,000. Ndani yake mna nishati ya kilokalori 3,800 hivi, na protini hamna hata chembe. Trei ya mayai 30, nayo kwa shilingi 10,000, ina kilokalori kama 2,100 na protini gramu 180. Na kama kinachotafutwa ni nishati ya sukari tu, sukari ya kawaida ya shilingi 3,000 kwa kilo hutoa kiasi kilekile kwa chini ya theluthi ya bei ya glukosi. Mgonjwa mwenye kisukari, ambaye wageni wengi hawamwulizi, ndiye zawadi hiyo humwumiza zaidi.

Hoja yangu ni kwamba mgonjwa wa ini hashindwi na bei ya chakula maalumu, kwa sababu chakula maalumu hakipo. Kinachomdhoofisha ni chakula cha kawaida anachokatazwa, wakati fedha ya kukinunua imeshatumika kwa vitu vitamu.

Umanjano wenyewe una tarakimu zake. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1.5 hivi, na kila dakika hupitiwa na damu inayokaribia lita 1.5. Chembe nyekundu za damu huishi takriban siku 120. Zikichakaa huvunjwavunjwa, na rangi yake huacha mabaki ya njano yanayoitwa bilirubini, kati ya miligramu 250 na 350 kila siku hata kwa mtu mwenye afya. Ini huyapokea, huyageuza yaweze kuyeyuka katika maji, kisha huyamwaga utumbuni pamoja na nyongo. Kinyesi hupata rangi yake hapo. Kwa kawaida damu haina zaidi ya miligramu 1.2 za bilirubini katika kila desilita. Kiwango kikifika 2.5 au 3, weupe wa macho huanza kuwa njano.

Kinaweza kufika huko kwa njia tatu. Chembe za damu zinaweza kuvunjika kwa wingi kupita kiasi, kama katika malaria kali au selimundu. Ini lenyewe linaweza kuwa limeumia: virusi vya homa ya ini, pombe, dawa, sumu. Au mrija wa nyongo umeziba, kwa mawe au kwa uvimbe, na hapo mkojo huwa mweusi, kinyesi hupauka na ngozi huwasha usiku kucha. Chakula kina nafasi kubwa katika njia ya pili. Katika ya kwanza na ya tatu sahani nzuri inasaidia, lakini haiondoi jiwe wala haiui vimelea vya malaria. Ndiyo maana kipimo hutangulia jiko. Na zipo dalili ambazo hazisubiri chakula wala ushauri wa mgeni: kuchanganyikiwa au kusinzia mchana, kutapika bila kukoma, kutokwa damu, tumbo kujaa maji, homa yenye kutetemesha. Mjamzito mwenye macho ya njano aende hospitali siku hiyohiyo. Homa ya ini aina ya E ikimpata katika miezi mitatu ya mwisho, uwezekano wa kufa unaweza kufikia asilimia 20 hadi 25.

Kuna jambo moja kuhusu bilirubini ambalo laiti lingejulikana, lingeokoa fedha nyingi zinazoishia kwa waganga. Umanjano ukidumu, sehemu ya bilirubini hunata kwenye albumini, protini kuu ya majimaji ya damu, na hubaki hapo hadi albumini hiyo iondolewe mwilini. Nusu ya albumini huchukua takriban siku 20 kuondoka. Kwa hiyo ini linaweza kuwa limeshapona, hamu ya kula imerudi, mkojo umeanza kung'aa, na macho bado ni ya njano kwa wiki mbili au tatu zaidi. Katika wiki hizo ndipo ndugu hukata tamaa na hospitali, wakaenda kutafuta mizizi ya kuchemsha. Macho yanasafika, kama ambavyo yangesafika, na mizizi inapata jina.

Sasa mgonjwa ale kiasi gani? Miongozo ya lishe ya vyama vya Ulaya vya wataalamu wa ini na wa lishe inalenga zaidi wenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu: kilokalori 30 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito, na protini gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi kilokalori 1,800 hadi 2,100 na protini gramu 72 hadi 90 kwa siku. Kwa mwenye homa ya ini ya muda mfupi hakuna mlo wa pekee. Ale mlo kamili, kwa awamu ndogondogo kichefuchefu kikimsumbua. Asubuhi hamu huwa nzuri kuliko jioni, hivyo chakula kizito kiwekwe mapema.

Gramu 90 za protini ni nyingi kuliko wengi wetu tunavyokula tukiwa wazima. Ndiyo sababu katazo la nyama, mayai na maharage ni la hatari. Lina asili inayoeleweka: mwenye ini lililochoka kabisa anaweza kuchanganyikiwa kwa sababu amonia, inayotokana na protini, hupanda hadi kwenye ubongo, na kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliwanyima wagonjwa hao protini. Mwaka 2004 watafiti wa Barcelona walichapisha jaribio lenye makundi mawili ya wagonjwa: waliochanganyikiwa kwa ajili ya ini, baadhi wakapewa protini kidogo sana mwanzoni, wengine gramu 1.2 kwa kilo tangu siku ya kwanza. Walionyimwa hawakupata nafuu zaidi. Walichopata ni misuli yao kuvunjwa kwa kasi zaidi, na misuli ndiyo inayolisaidia ini kuondoa amonia hiyohiyo. Ukimnyima protini unamwondolea msaidizi.

Ushahidi wa zamani zaidi unatoka jeshini. Wakati wa vita vya Korea, jeshi la Marekani lilikuwa na askari wengi wenye homa ya ini waliolazwa Japani. Thomas Chalmers na wenzake waliwagawa kwa kura katika makundi ya mapumziko na ya mlo, na matokeo yao yalitoka mwaka 1955. Waliolazimishwa kulala kitandani muda wote hawakupona vizuri kuliko walioruhusiwa kutembea walivyojisikia. Waliohimizwa kula sana, chakula chenye protini ya kutosha, walipona mapema kidogo. Miaka 70 imepita, na bado mgonjwa wetu amelazwa chali na kopo la glukosi.

Mafuta? Katika homa ya ini ya virusi, mafuta ya kupikia kijiko kimoja au viwili kwa mlo hayana ubaya kama mgonjwa anayavumilia. Kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori 120 kwa shilingi 90 hivi, nishati ya bei nafuu kwa mtu asiyeweza kumaliza sahani kubwa. Ni mrija wa nyongo ulioziba, au kichefuchefu chenyewe, ndio unaofanya mafuta yapunguzwe. Chipsi za kibandani ni habari nyingine, lakini hata hizo kosa lake si kugusa ini bali kujaza tumbo bila protini.

Twende sokoni. Ukipanga vyakula kwa bei ya gramu moja ya protini, foleni inageuka. Maharage ya shilingi 3,000 kwa kilo hutoa gramu moja kwa shilingi 14. Karanga za 4,000 ni shilingi 15. Dagaa wakavu, kwa 10,000 kilo, ni shilingi 17. Mayai ya trei ni 56, nyama ya ng'ombe ya 12,000 ni kama 60, na maziwa ya 2,400 kwa lita ni 75. Glukosi haipo kwenye foleni.

Mfano wa siku moja kwa mgonjwa wa kilo 60. Asubuhi uji wa unga wa mahindi gramu 60, karanga za kusaga gramu 30 na sukari vijiko vitatu vidogo: kilokalori 445, protini 13, shilingi 285. Baadaye kidogo mayai mawili ya kuchemsha ya kununua moja moja: kilokalori 140, protini 12, shilingi 700. Mchana ugali wa unga gramu 120, maharage gramu 80 yakipimwa makavu, fungu la mchicha na kijiko cha mafuta: kilokalori 850, protini 30, shilingi 1,070. Jioni wali wa mchele gramu 80, dagaa gramu 25, nyanya na kitunguu, mafuta kidogo: kilokalori 450, protini 21, shilingi 810. Kabla ya kulala glasi ya maziwa na ndizi mbivu mbili: kilokalori 330, protini 10, shilingi 1,000.

Jumla ni kilokalori 2,215, protini gramu 86, shilingi 3,865, bila mkaa. Ukiweka upande wa pili gramu 100 za glukosi na glasi tatu za juisi ya muwa za shilingi 1,000 kila moja, umetumia shilingi 4,000 na umepata kilokalori zisizofika 900. Protini hakuna.

Kwa anayelipwa kibarua, shilingi 3,865 kwa kinywa kimoja si kidogo. Kwa mwezi ni karibu 116,000, na nyumbani wapo wengine. Sahani inaweza kushushwa bei bila kuharibika. Ondoa mayai, ongeza gramu 20 za dagaa. Ondoa maziwa ya usiku, weka gramu 30 za karanga badala yake. Protini inabaki 86, nishati haibadiliki kwa kiasi cha kuhesabika, na gharama inashuka hadi shilingi 2,885. Hapo ndipo mgeni anapoweza kusaidia kweli. Trei moja ya mayai anayoleta shangazi Jumamosi ni mayai mawili kwa siku 15.

Katika mlo huo wote, sehemu ninayoithamini kuliko zote ni ile ya kabla ya kulala, na ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Ini zima huhifadhi wanga kiasi cha gramu 100, yaani kama kilokalori 400, ili damu isikose sukari tunapolala. Katika ini lenye makovu ghala hilo hupungua sana. Vipimo vimeonyesha kwamba mgonjwa wa sirosisi anapoamka baada ya usiku mmoja bila kula, mwili wake umeshaanza kuchoma mafuta na misuli kwa kiwango ambacho mtu mwenye afya hukifikia baada ya siku mbili au tatu za njaa. Kila usiku. Hesabu kwa saa zetu: chakula cha jioni saa mbili usiku, kazini bila kifungua kinywa, chai saa nne asubuhi. Ni saa 14. Miongozo inataka pengo lisizidi saa 10.

Watafiti wa Auckland, New Zealand, walipima jambo hili kwa wagonjwa 103 kwa miezi 12. Wote walipewa nyongeza ileile, kilokalori 710 zenye protini gramu 26, ila kundi moja liliinywa mchana na jingine usiku kabla ya kulala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: waliokula usiku waliongeza takriban kilo 2 za nyama ya mwili, si mafuta, wa mchana hawakupata faida hiyo. Chakula kilekile, gharama ileile, saa tofauti. Ndizi mbili na maziwa ya mfano wetu vina wanga gramu 58 hivi, na kinachopendekezwa kwa usiku ni kama 50.

Jambo hili linagusa Ramadhani moja kwa moja. Kwetu karibu na ikweta saumu huchukua saa 13 hivi, kutoka saa kumi na moja alfajiri hadi saa kumi na mbili na ushei jioni. Kwa ini lenye makovu hizo ni saa nyingi. Aya za 184 na 185 za Surat al-Baqara zinamruhusu mgonjwa kula na kulipa baadaye au kutoa fidia, na shehe wa mtaa atalisema hilo akiulizwa. Tatizo ni wagonjwa wasiouliza kwa kuona haya. Mwenye homa ya ini sugu ambaye ini lake bado halina makovu huweza kufunga kwa ushauri wa daktari wake, daku ikicheleweshwa na futari isiwe ya kaimati peke yake.

Chumvi ina uzito kwa mmoja tu: yule ambaye tumbo au miguu imeanza kujaa maji. Kwake ni gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kikiwa sawasawa mdomoni, kila kitu kikihesabiwa. Mchemraba mmoja wa kiungo wa gramu 4 ni chumvi kwa karibu nusu. Ng'onda ameshamaliza hesabu kabla hajaingia chunguni. Dagaa wa jua wasiotiwa chumvi wana nafuu. Asiye na maji mwilini asinyimwe chumvi hadi chakula kikamshinda. Supu isiyo na ladha hairudishi hamu ya mtu.

Halafu kuna vitu vinavyouzwa kwa jina la ini. Binzari, kwa kuwa ni ya njano, imepewa tangu zamani kazi ya kuondoa njano, na katika mchuzi haina neno. Unga wake una kurkumini kama asilimia 3. Nusu kijiko cha chai kwenye chungu ni makumi machache ya miligramu za kugawana familia nzima. Vidonge vinavyoagizwa mtandaoni huwa na miligramu 500 au zaidi, mara nyingi vikichanganywa na dondoo ya pilipili manga ili mwili ufyonze nyingi. Mwaka 2022 mtandao wa watafiti wa Marekani wanaofuatilia madhara ya dawa kwenye ini ulieleza habari za wagonjwa 10 walioumizwa ini na binzari ya vidonge. Watano walilazwa, mmoja alifariki. Binzari ile ile ya jikoni, mara nyingi zaidi. Kwa mizizi na magome yasiyopimwa hatujui hata kipimo ni mara ngapi, na ini lililoumia ndilo linalopewa kazi ya kuyasafisha.

Dawa ya maumivu nayo ihesabiwe. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya haizidi gramu 4 kwa siku, vidonge vinane vya miligramu 500. Kwa mwenye ugonjwa sugu wa ini madaktari wengi hushusha hadi gramu 2, vidonge vinne. Pombe ni sifuri, na hapa hakuna hesabu. Chupa ya bia ya nusu lita yenye asilimia 5 ina alkoholi safi kama gramu 20, na wakati macho ni ya njano hata hizo ni nyingi.

Kahawa ni habari njema kidogo. Tafiti nyingi za kufuatilia watu zimeona kwamba wanaokunywa vikombe viwili au vitatu kwa siku huwa na makovu machache ya ini. Si uthibitisho kwamba kahawa ndiyo iliyowaponya, lakini wazee wa barazani Pwani wana haki ya kutabasamu. Ila wakumbuke kwamba vikombe vya watafiti ni vikubwa. Kile cha sini cha kahawa chungu ni mafunda mawili, na kashata zinazokifuata zina hesabu yake.

Kwa wenye ini lenye mafuta, wanaokadiriwa kufika theluthi moja ya watu wazima duniani, karibu kila kitu nilichoandika kuhusu nishati kinageuka. Hao kwa kawaida hawana macho ya njano. Wanachohitaji ni kupungua: asilimia 7 hadi 10 ya uzito, yaani kilo 5.6 hadi 8 kwa mtu wa kilo 80, na soda ya mililita 350 yenye sukari inayozidi gramu 35 ndiyo ya kwanza kuondoka.

Watoto wachanga nao ni ukurasa wao. Kama 6 kati ya 10 waliotimiza miezi hupata umanjano wiki ya kwanza, na chakula chao ni kimoja: ziwa la mama, mara 8 hadi 12 kwa siku. Maji ya glukosi hayana kazi hapo. Umanjano unaotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni wa kukimbilia hospitali.

Sehemu kubwa ya maradhi ya ini haionekani machoni kabisa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wanaishi na homa ya ini aina ya B, na milioni 50 na aina ya C. Vifo kwa aina hizo mbili vilikuwa milioni 1.3, yaani 3,500 kila siku. Kati ya wenye aina ya B, asilimia 13 tu walikuwa wameshapimwa na kujua, na asilimia 3 hivi walikuwa kwenye dawa. Asilimia 63 ya maambukizi mapya ya aina B yalitokea katika kanda ya Afrika, huku watoto wachanga waliopata chanjo siku ya kuzaliwa huko wakiwa asilimia 18. Lishe haiui virusi hivi. Inamfanya mgonjwa afike kwenye dawa akiwa na misuli.

Lakini jikoni kuna adui mmoja anayeshirikiana na virusi hivyo, na ndiye anayenifanya nisitoke kwenye suala la unga. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu wanaoota kwenye mahindi na karanga zilizopata ukame shambani au zilizohifadhiwa na unyevu. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo: gramu moja ikitawanywa katika tani 100, malori matatu na zaidi ya tani 30. Kenya, mwaka 2004, Makueni na Kitui zikiongoza, watu 317 waliugua na 125 wakafa; umanjano ulikuwa miongoni mwa dalili. Sampuli 350 za mahindi zilipopimwa kutoka masoko ya eneo hilo, asilimia 55 zilizidi mikrogramu 20 kwa kilo, asilimia 35 zilizidi 100, na asilimia 7 zilizidi 1,000. Tanzania ilifikiwa mwaka 2016: mikoa ya Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20.

Hayo ni matukio ya wingi. Kidogokidogo ndiko kunakotisha zaidi. Huko Shanghai wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa, na hatari ya saratani ya ini ikalinganishwa: waliokuwa na dalili za sumukuvu mwilini peke yake, mara 3 hivi, wenye homa ya ini B peke yake, mara 7, wenye vyote viwili, mara 59. Kupika hakusaidii, kwa kuwa sumu hii huvumilia joto kubwa kuliko la chungu cha ugali. Kukoboa kunapunguza, maana nyingi hukaa kwenye pumba na kiini. Dona ina sifa zake zote, ila kama mahindi ni safi. Karanga zilizosagwa tayari sokoni ndizo ninazozishuku kuliko zote, kwa sababu iliyosinyaa na yenye ukungu haichaguliki tena.

Gharama ya kujikinga inahesabika kwa gunia la kilo 100. Turubai la kuanikia la shilingi 20,000, likihudumia magunia 20, ni 1,000 kwa gunia. Mahindi yakaushwe hadi unyevu wa asilimia 13.5. Mfuko usiopitisha hewa uwe 5,500, ukiuhesabu kwa msimu mmoja ingawa hudumu zaidi. Kuchambua kwa mkono na kutupa kilo 5 zilizobadilika rangi au kuvunjika, kwa 900 kilo, ni 4,500, na kuku wasipewe. Jumla 11,000, na zimebaki kilo 95: shilingi 116 kwa kilo. Mgonjwa wetu wa kilo 60 anakula unga wa mahindi gramu 180 kwa siku, uji na ugali. Sehemu yake ni shilingi 21, na sahani yake inafika 3,886.